Maji ya Upande wa Nyuma

Vijana wa karakana, siku ile mliponiaga kwa blanketi na birika mlisema niwaandikie mambo ya gata, hii mifereji yetu ya ukingo wa paa, ili yasiondoke na mimi. Blanketi nalitumia kukalia, maana Isiolo si mji wa kujifunika. Maandishi ndiyo haya. Sitaandika nilikuwa nalipwaje wala siku niliyoitwa msimamizi, kwa sababu hayo hayajawahi kuzuia paa kuvuja. Nitaanza mwanzo na kwenda kwa mpangilio, na nikifika mahali pagumu sitaparuka, ingawa nimeshaparuka miaka mingi.

Jina langu Ekiru, na wengine wenu mlidhani ni jina la ukoo. Sisi Waturkana humwita hivyo mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mama alikuwa akiniambia mvua ya siku hiyo haikujaza hata kikombe, lakini jina likaniganda. Nikaishia kuishi kwa kazi ya mvua katika mji ambao unaweza kukaa miezi saba bila kuiona.

Nilianza kazi hii nikiwa na miaka arobaini na mitano na magoti yaliyochakaa. Kabla ya hapo nilikuwa mbeba mizigo: simiti, mawe, mbuzi wa kupakia malori. Ugatuzi ulipoleta serikali ya kaunti, mji ulijaa watu wenye mafaili kwapani, na kila aliyepata ploti alianza kujenga. Nyumba za mawe zenye paa za rangi ziliota upande wa uwanja wa ndege na kwingineko, mahali ambapo mimi nilichunga mbuzi nikiwa mtoto. Nyumba zote hizo zilitaka gata, na mafundi wa gata mjini walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Mmoja wao alikuwa Mama Kendi. Nyinyi mlioingia karibuni hamkumkuta. Alikuwa Mmeru wa kutoka Timau, mdogo kwangu kwa zaidi ya miaka kumi, na kazi ya bati alifundishwa na baba yake. Nilikwenda kumwomba kibarua cha kubeba. Alinitazama magoti, akaniuliza kama ninaweza kukaa saa nzima nimeshika uzi bila kuongea. Nikamwambia nimechunga mbuzi miaka kumi na miwili na hakuna hata mmoja aliyenijibu. Akanipa uzi.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo niliyojifunza kazi yenyewe. Miaka iliyofuata ilikuwa marudio. Uzi unafungwa kwenye ubao wa fesha, ule unaozunguka ukingo wa paa, kutoka ncha moja hadi nyingine. Kila futi kumi uzi ushuke unene wa kidole, kuelekea pale bomba la kushushia litakapokaa. Vishikio vinafuata uzi, na gata inafuata vishikio. Pale vipande viwili vinapokutana, kipande cha juu kinalala ndani ya kile cha chini, ili maji yasipate mdomo wa kuingilia. Riveti kwanza, silikoni baadaye, na mkono uwe mkavu. Nilijikata vidole viwili na mkasi wa bati kabla ya saa nne asubuhi.

Kabla hatujashusha ngazi, Mama Kendi alinipa mtungi wa maji nimwage kwenye ncha ya juu. Hiyo ilikuwa sheria yake: hushuki kabla hujaona maji yakitembea. Maji yangu yalikwenda mpaka katikati ya nyumba yakasimama hapo. Aliyatazama kwa utulivu kabisa, kisha akasema, "Mzee, maji yako yamechoka." Tukang'oa vishikio vinane na kuanza upya. Hakunigombeza, na tangu siku hiyo nilimheshimu kuliko mabosi wote walionipigia kelele.

Mambo mengi aliyoyajua yalikuwa ya nchi ya baridi. Kwao Timau kuna asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu, na mvua ya mawe ikishuka inaijaza gata mpaka vishikio vinanyooka. Kwa hiyo baba yake aliweka vishikio karibu karibu, na hakuziba kiungo chochote asubuhi kabla bati halijapata jua. Alipokuja Isiolo, alikuta adui mwingine. Hapa bati hurefuka mchana kama mtu anayejinyoosha kitandani, na ukiwa umelifunga kwa nguvu ncha zote mbili, linajikunja katikati na kupasua silikoni. Tulipasukiwa na viungo vya nyumba tatu kabla hajagundua. Kwa hiyo nawaambia: gata ndefu ya bati iacheni ncha moja ipumue. Zile za plastiki nyeupe, ambazo watu wa nyumba mpya wanazipenda kwa sababu wameziona Nairobi, mziwekee vishikio mara mbili ya mnavyodhani, kwa kuwa jua letu huzilegeza zikainama. Mteja akichagua gata kwa rangi, mwacheni achague rangi, lakini unene wa bati na upana wake chagueni nyinyi.

Upana nao ulituaibisha. Sote wawili tuliamini kwamba mji mkavu unahitaji gata nyembamba. Ukifikiri haraka, ni jambo la akili. Tukamwekea afisa mmoja mgeni gata ya inchi nne kuzunguka nyumba nzima, nyumba kubwa yenye paa la kijani. Mvua ilipokuja, maji yaliiruka gata kama mbuzi wanaoruka ua, yakatua mlangoni, yakaingia sebuleni. Tulimkuta afisa amesimama barazani, viatu mkononi, akituuliza kwa adabu sana gata zetu zinafanya kazi gani. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba mvua ya Isiolo ni kidogo kwa mwaka lakini ni nyingi kwa saa. Haijui kunyunyiza. Tuling'oa zote tukaweka za inchi sita, na Mama Kendi hakumdai yule afisa hata msumari. Alisema kosa la fundi halina mteja.

Kuhusu usafi nitasema machache kwa kuwa hamsikii. Pandeni juu kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba. Mtakuta vumbi lililoganda, maganda ya migunga, mifupa ambayo kunguru wameileta kutoka machinjioni, na mara moja nilikuta kiatu cha mtoto. Vumbi ndilo baya zaidi, maana likilowa linakuwa udongo wa kufinyangia. Na mvua ya kwanza msiiingize kwenye tangi. Geuzeni bomba, iende zake, ioshe paa. Hili ni gumu kuliko yote. Jaribuni kumwambia mama anayenunua maji ya mkokoteni wa punda kila asubuhi kwamba maji ya kwanza kutoka mbinguni ayamwage. Nimeitwa mwendawazimu kwa lugha tano.

Sasa nakuja kwenye sheria nyingine ya Mama Kendi, ambayo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Alisema ukifika kwa mteja usifungue begi kabla hujaizunguka nyumba. Angalia maji yanaangukia wapi sasa, ardhi imeinamia wapi, na ukuta umejengwa kwa nini. Uzunguke wote, hata kama nyuma kuna mbwa. Miaka mitatu ya kwanza nilizunguka kila nyumba. Kisha nikajulikana. Simu ikawa inalia nikiwa juu ya ngazi, watu wakaniita mtaalamu, nami nikalizoea neno hilo haraka kuliko nilivyozoea uzi. Nikawa naingia langoni na swali moja tu: tangi litakaa wapi? Katika mji wenye kiu, hakuna aliyewahi kuniona mjinga kwa kuuliza hivyo.

Mama Guyo alikuwa mjane wa Kiborana, muuza maziwa ya ngamia hapo Bulla Pesa. Mnaijua mitaa ile, nyumba zimebanana. Yake ilikuwa na vyumba viwili vya mawe mbele, alivyovijenga kimoja kimoja, na nyuma chumba cha matofali ya udongo yasiyochomwa kilichobaki kutoka siku zake za kwanza mjini. Paa moja la bati lilifunika vyote, likimwaga nusu mbele na nusu nyuma. Mama yake alikuwa Merti, amezeeka, na ndugu wa huko walikuwa malishoni muda mwingi, hana mtu wa kumwangalia. Mama Guyo alikuwa ameamua kumleta akae naye, na chumba alichomwandalia ni kile cha nyuma, kwa sababu kilikuwa kimya na chenye ubaridi. Hilo alilitaka kuliko kitu chochote: mama yake amalizie siku zake chini ya paa lake.

Alikuja karakana jioni moja kabla ya safari. Aliniambia kesho yake anakwenda Merti kumchukua mama, na kwamba ana uwezo wa gata ya upande mmoja tu, niiweke kabla hajarudi. Kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Alisema, "Fundi, hii maji ya paa, nikinge." Mimi nikasikia "nikingie".

Mnaojua Kiswahili vizuri mtanicheka. Kumkinga mtu na maji ni kumzuilia maji yasimfikie. Kumkingia mtu maji ni kumtegea chombo ayapate. Tofauti ni sauti moja ndogo, na sote wawili lugha hii tuliipata ukubwani, yeye akitoka Kiborana na mimi Kiturkana. Yeye alikuwa anafikiria ukuta wa udongo. Mimi nilikuwa nafikiria tangi, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniita kwa jambo lingine. Kama ningeizunguka nyumba, ukuta wenyewe ungenisahihisha, maana tayari chini yake kulikuwa na mfereji uliochimbwa na matone. Sikuizunguka. Nilifunga gata mbele, palipokuwa na tangi lake dogo la maji ya mkokoteni, kwa siku mbili, na ilikuwa kazi safi. Mteremko sawasawa, viungo vimelala vizuri, maji ya mtungi yalikwenda bila kuchoka.

Tangi likijaa, maji ya ziada lazima yatoke. Sikutaka yamwagike mlangoni yakamletea tope, kwa hiyo nilifunga bomba juu ya tangi, nikalipitisha ubavuni mwa nyumba, nikaliacha kwenye kona kule ardhi ilikoinamia. Nilinyoosha mkono tu kuzunguka kona, nikalikaza. Sikupeleka kichwa kuona linamwagia wapi. Lilikuwa linamwagia chini ya ukuta wa udongo.

Jioni Mama Kendi aliniuliza kama nilizunguka. Nikasema nimezunguka.

Mama Guyo alirudi na mama yake, ambaye wajukuu walimwita Akko, yaani nyanya, na mtaa mzima ukafuata. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikataa kupanda bodaboda kutoka stendi. Alitembea na fimbo yake mpaka mlangoni. Nilipita siku ya tatu kuwasalimu, na kwa kweli nilipita ili nisifiwe. Akko alikuwa ameketi kizingitini.

"Salaam aleikum, Mama Guyo."

"Aleikum salaam, fundi. Gata ni mzuri. Lakini mbona iko mbele? Mimi nilisema unikinge. Maji iko na shida ni ya nyuma, kwa mama."

Nililielewa neno lake pale pale. Naomba mliamini hilo, kwa kuwa nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba sikulielewa mpaka baadaye. Nilielewa, na nikaona kazi ya siku mbili ya kung'oa na kufunga upya, na jirani aliyekuwa akisikiliza juu ya ua, na jina langu la mtaalamu. Kuhamisha gata ile nyuma kungenichukua tu hizo siku mbili.

"Mama Guyo," nikamwambia, "hiyo ukuta imesimama miaka ngapi? Maji ya mvua haiwezi kuibomoa. Mimi ndiyo fundi, nakuambia."

Alikuwa mtu wa heshima, na mtu wa heshima akiambiwa jambo na mwenye kazi yake halibishi mara ya pili. Akageuka akamwelezea mama yake maneno yangu kwa Kiborana. Akko alitikisa kichwa kukubali, akanishukuru kwa mkono kifuani. Mimi nikanywa chai yao nikaenda.

Mvua kubwa ilikuja mchana, wiki chache baadaye. Nilikuwa karakana, nikiisikiliza kwenye bati na kufurahi, kama mkulima anavyofurahi. Ilipopungua, alikuja mwanamke jirani wa Mama Guyo, mbio, kanga imelowa, akasema nyumba ya Mama Guyo imeanguka na bibi yuko ndani.

Nilipofika walikuwa wameshamtoa Akko na kumpeleka hospitali kwenye mkokoteni. Mbele ya nyumba kila kitu kilikuwa sawa. Tangi lilikuwa limejaa pomoni na mzee mmoja alilipiga kofi ubavuni, akaniambia nimefanya kazi ya maana. Nikazunguka nyuma. Ukuta ulikuwa umelala ndani, juu ya kitanda. Bomba langu lilikuwa bado linatiririsha, maji mengi ya paa la mbele yakiongezeka juu ya maji ya paa la nyuma, yakianguka pale pale ukuta ulipokuwa. Nusu saa ilitosha kulijaza tangi. Kila tone lililofuata nilikuwa nimelielekeza mimi.

Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilishika kona ya bomba nikaizungusha, ikaelekea njiani. Nilifanya hivyo kabla ya kuuliza kama bibi yuko hai.

Nyumba kadhaa za udongo zilianguka Bulla Pesa siku ile, kwa hiyo ile niliyoiangusha mimi ilijificha kati ya nyingine. Watu walisema ni mafuriko. Mama Guyo alirudi kutoka hospitali akasema ni mipango ya Mungu. Mama Kendi aliponiuliza, nilimwambia udongo ni udongo. Akarudi kwenye mashine yake ya kukunjia bati. Ninajua hakika kwamba kama ningemwambia ukweli, angekwenda siku hiyo hiyo kumjengea Mama Guyo ukuta wa mawe, na mimi angenishikisha uzi. Ukweli ulikuwa mwepesi hivyo, na niliuogopa.

Akko alivunjika paja na hakutembea tena. Chumba chake kilikuwa wazi kwa vumbi na mbwa, na Mama Guyo hakuweza kuuza maziwa alfajiri na papo hapo kumgeuza mgonjwa kitandani. Baada ya miezi miwili aliamua kumrudisha Merti na kuhamia huko naye, kwa ndugu zao. Nilikwenda kumsaidia kupakia. Nilifungua tangi, nikafungua gata yangu kipande kwa kipande, nikavifunga kwa kamba juu ya pikapu. Akko alikuwa amelazwa kwenye godoro, ametazama juu. Mama Guyo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa moyo wangu mzuri. Sijawahi kusemwa vibaya nikaumia kama nilivyoumia kwa shukrani ile.

Kuanzia hapo nilizunguka kila nyumba mara mbili. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili nikigusa ukuta kwa kiganja. Nyinyi mlinikuta hivyo, mkaniita Mzee Mzunguko, na mmoja wenu aliwahi kumwambia mteja kwamba nasoma dua. Sikuwa nasoma dua yoyote. Niliwafundisha kuuliza maji ya ziada yanakwenda wapi kabla hamjauliza tangi litakaa wapi, mkadhani nimelipata shuleni.

Mama Kendi alirudi Timau baba yake alipougua, akaniachia karakana niisimamie. Tuliongea kwa simu sikukuu zikifika. Mwezi uliopita, baada ya nyinyi kuniaga, nilimpigia na kumwambia yote, mpaka habari ya bomba nililozungusha. Nilitegemea anifariji, nadhani. Nilisikia kuku wake wakilia huko nyuma. Kisha akasema, "Mzee, usiniambie mimi. Nenda Merti."

Nilikwenda kwa pikapu ya mizigo, nikakaa juu ya magunia ya sukari siku nzima. Tulipita Ngaremara, ambako nina binamu, na sikushuka kuwasalimu kwa kuogopa kwamba nikishuka nitapata sababu ya kubaki. Merti haikuwa vigumu kumpata Mama Guyo. Ana duka dogo, na mwanawe Guyo sasa ni mwanaume mwenye ndevu anayeendesha gari la kubeba mifugo. Alinitambua kabla sijaongea. Alinikalisha ndani, akaniletea chai ya maziwa, akanitania kwamba nimezeeka upande mmoja, wa kulia, ule wa kushikia ngazi. Nikamwulizia Akko. Akasema alikufa mwaka jana, kabla ya mfungo.

Nilimpa pole. Kisha nikasema nilichokwenda kusema. Nilimwambia nililielewa neno lake siku ile na nikajifanya mjuzi. Nilimwambia kuhusu bomba, lilikomwagia, na jinsi nilivyoligeuza kabla watu hawajaliona. Nilisema ukuta ule uliangushwa na mimi. Niliongea nikiangalia chai.

Aliweka kikombe chake chini. Alipoongea, sauti yake haikupanda.

"Fundi, mama alikufa akisema ni yeye."

Sikuelewa. Akanieleza. Akko hakupenda kutawadha mbele ya watu wa mtaa, kwa hiyo mara tano kwa siku alichukua birika ndogo akatawadha nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta ule. Maji kidogo sana, yasiyojaza kata. Ukuta ulipoanguka, alilala hospitali akifikiri, na akafikia uamuzi wake.

"Akasema fundi mwenyewe alisema mvua haiwezi kubomoa hiyo ukuta. Basi kama si mvua, ni maji yangu mimi. Nimemaliza nyumba ya mtoto wangu. Tangu hiyo siku akakataa maji. Tukimletea birika anasukuma. Akawa anajipangusa na mchanga kila swala, mpaka siku ya kufa. Tulimwambia hapana, Akko, si wewe. Lakini akiuliza ni nini basi, sisi hatukuwa na kitu ya kumwambia."

Nilisema nisamehe. Alisimama, akaenda mlangoni, akawaita jamaa zake. Akaja Guyo, wakaja dada wawili wa Guyo na watoto wao, akaja mzee mmoja akishikwa mkono, mdogo wake Akko, ambaye hajui Kiswahili. Waliketi kwenye mkeka, chumba kikajaa.

"Sema tena," Mama Guyo akaniambia. "Polepole. Hapa wote wanajua ni Akko."

Nikasimama. Nilisema sentensi moja, naye akaitia kwenye Kiborana, kisha nikasema nyingine. Neno nililolisikia vibaya. Ukuta. Bomba. Mkono wangu ulioligeuza. Nilisikia jina la Akko likirudi mara nyingi katika lugha ambayo siielewi, na mmoja wa wale dada alianza kulia bila sauti, ametazama sakafu. Guyo aliniuliza mara moja tu kama ninaapa, nikaapa.

Nilipomaliza, yule mzee aliongea. Alisema maneno machache, bila hasira niliyoweza kuisikia. Mama Guyo aligeuka kwangu.

"Anauliza miaka hii yote ulikuwa wapi."

Nikasema nilikuwa kazini. Mama Guyo alinitazama, na hilo hakumtafsiria.